Tuta la bwawa linavuja: kutoka dalili hadi chanzo kwa vipimo vya jiofizikia

Mwenye bwawa akinipigia simu, swali lake la kwanza huwa ni bei ya mashine. Mimi namuuliza mambo mawili: maji yanashuka kiasi gani kwa siku, na yanayotoka nje ni safi au yana tope? Kwa majibu hayo nusu ya kazi imekwisha kabla sijafungua sanduku la nyaya. Tukifika kwenye tuta, mazungumzo huwa hivi:

— Papa, ile mashine inaonaka mayi?

— Apana, papa. Inaonaka bulongo tu. Mayi tutatafuta sisi.

Si utani. Hakuna kipimo cha jiofizikia kinachoona mvujo. Kinachopimwa ni tabia ya bulongo, yaani udongo: unapitisha umeme kiasi gani, unasafirisha mtetemo kwa kasi gani, una joto gani. Mvujo hujitokeza pale tabia hiyo inapobadilika maji ya bwawa yanapopanda na kushuka. Ndiyo maana picha moja ya rangi inayochorwa kutokana na vipimo, hata ikiwa nzuri namna gani, haimalizi kesi. Unahitaji mbili, na daftari la mwenye bwawa pembeni.

Ninayoyaandika hapa ni ya matuta ya udongo ya mashambani kuzunguka Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, yenye kimo cha mita 2 hadi 10: ya samaki, ya kumwagilia mboga, ya kunyweshea ng'ombe. Mabwawa ya mabaki ya migodi yana sheria zake. Nitayagusa mahali pamoja tu.

Maji yanatoka na tope

Hapa acha mashine nyumbani. Tope maana yake maji yanabeba udongo kutoka ndani ya tuta, na njia yao inapanuka kila saa. Fungua bomba la kutolea maji, ondoa watu walio chini ya tuta, punguza kina. Wajenzi wengi huweka mpaka wa sentimita 30 kwa siku ili upande wa ndani usiporomoke ukiwa bado umelowa, lakini kama tope linaongezeka mbele ya macho yako, mpaka huo unausahau.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulikimbilia ni kuziba tundu kwa nje, kwa mfinyanzi au mifuko ya udongo. Usizibe. Ukiziba, shinikizo linapanda ndani na maji yanatafuta pa kutokea pengine, mara nyingi pabaya zaidi. Weka kichujio: mchanga wa chembe kubwa kwanza, halafu changarawe, halafu mawe juu. Maji yatoke, udongo ubaki.

Wanaodhani wana muda wa kusubiri fundi wa kesho wakumbuke tuta la Teton, Idaho, nchini Marekani. Lilikuwa na kimo cha karibu mita 93 na lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Tarehe 5 Juni 1976 asubuhi wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika, na watu 11 wakafa. Wala usiseme hayo ni ya makubwa peke yake. Huko Solai, Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40.

Maji yanashuka, lakini nje ni kukavu

Kabla ya kutafuta mvujo, hakikisha upo. Jua la Septemba na Oktoba hapa kwetu linaweza kunywa milimita 5 hadi 7 kwa siku bila msaada wa mtu yeyote.

Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, uisimamishe juu ya mawe ndani ya bwawa penyewe, karibu na ukingo, ili maji ya ndani ya ndoo yalingane na ya nje. Weka alama kwenye ndoo kwa ndani na nyingine kwa nje. Rudi kesho saa ile ile. Jua na upepo vimechukua sawasawa pande zote mbili. Kilichozidi nje ndicho kilichovuja. Usifanye jaribio hili siku ya mvua, wala siku ambayo mtu anamwagilia mboga kwa pampu. Kwa bwawa la hekta 1, sentimita 1 ya ziada kwa siku ni mita za ujazo 100, yaani zaidi kidogo ya lita 1 kila sekunde. Maji kiasi hicho hayapotei bila njia.

Sasa simika ufito wenye alama za sentimita ndani ya maji, na mwenye bwawa aandike namba kila asubuhi. Kazi hii haina gharama, na inashinda mashine nyingi. Maji yakishuka haraka halafu yakatulia kwenye kimo fulani, tundu liko kwenye kimo hicho au juu kidogo. Tafuta pale kitu kinacholingana: mizizi ya mti uliokatwa, mashimo ya panya au kaa, na hasa mshono wa tuta lililoongezwa baadaye. Matuta mengi yameinuliwa mwaka wa pili au wa tatu kwa kumwaga udongo juu ya majani, bila kukwangua wala kushindilia. Mshono huo hubaki mlango.

Maji yasipotulia mpaka bwawa likauka, shuku sakafu. Chini ya sehemu nyingi za Katanga ya kusini kuna dolomiti za Roan na chokaa cha Kakontwe, miamba inayoyeyushwa na maji na kubaki na mapango. Hapo nguvu zote za kuchunguza tuta zitapotea bure. Unaingia kwenye mtumbwi na kupima umeme wa asili juu ya sakafu, nitakaouelezea chini.

Mguu wa tuta umelowa, maji ni safi

Hii ndiyo dalili inayokuja mara nyingi, na ndiyo inayodanganya zaidi. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Unachotaka kujua ni kama yanapita polepole kwa upana wote, au yamejichimbia njia moja.

Anza na vitu vya mfukoni. Kwanza kipimo cha chumvichumvi za maji, kile kidogo cha betri. Maji ya bwawa lililojazwa na mvua huwa na mikrosimensi kwa sentimita (kizio cha jinsi maji yanavyopitisha umeme) makumi machache, labda 100. Chemchemi iliyotoka kwenye dolomiti huwa na mamia. Kama maji ya mguuni yanafanana na ya bwawa, yametoka bwawani. Kama yanafanana na kisima cha jirani, huenda ni chemchemi iliyokuwapo kabla hata ya tuta. Pili, kipimajoto. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi unauma, na maji ya bwawa yanapoa sana, huku maji ya chini ya ardhi yakibaki kwenye digrii 20 na kitu. Maji baridi mguuni mwa tuta mwezi wa Julai yamekuja kwa njia fupi. Kiangazi ni msimu wa kuvua samaki wengi, lakini kwangu mimi ni msimu wa kipimajoto.

Baada ya hapo ndipo panapohitajika kipimo cha ukinzani wa umeme, yaani jinsi udongo unavyozuia umeme kupita. Unachomeka elektrodi, yaani vijiti vya chuma, kwa mstari, unapitisha umeme kati ya viwili na kusoma volti kati ya vingine viwili. Frank Wenner, mwanafizikia wa Marekani, aliandika kanuni ya mpangilio wa vijiti vinne vilivyopeana nafasi sawa mwaka 1915, na Conrad Schlumberger, mwanafizikia Mfaransa, alianza majaribio yake Ufaransa mwaka 1912. Hadi leo tunatumia mipangilio yenye majina yao. Kwa tuta la mita 4, nafasi ya mita 1 kati ya vijiti inafaa: vijiti 48 vinatoa mstari wa mita 47 na kuona hadi mita 8 hivi kwenda chini, yaani tuta lote na msingi wake. Ukitumia nafasi ya mita 5 kwa sababu unataka kumaliza kabla ya chakula cha mchana, mvujo wenye upana wa nusu mita hautaonekana kamwe.

Piga mistari miwili angalau: mmoja juu ya tuta, mwingine mguuni kwa nje. Ule wa juu usomwe kwa tahadhari. Programu inayochora picha inaamini kwamba ardhi ni ile ile kulia na kushoto ya mstari, wakati ukweli ni kwamba upande mmoja una maji na mwingine una hewa. Umeme unakimbilia kwenye maji ya bwawa, na picha inakuonyesha tabaka la chini lililolowa ambalo halipo. Ikiwezekana, ingiza umbo la tuta na kimo cha maji kwenye hesabu. Isipowezekana, usiamini kina kinachoonyeshwa na picha. Amini tu tofauti za kutoka mahali hadi mahali kwenye mstari huo huo.

Halafu kuna suala la bluu. Programu nyingi huchora ukinzani mdogo kwa bluu, na kila mtu akiona bluu anasema maji. Angalia namba. Udongo wa mfinyanzi uliolowa huwa na omu-mita (kizio cha ukinzani) 20 hadi 80. Laterite, ule udongo mwekundu mgumu, ikiwa kavu wakati wa kiangazi hupita 1000 bila shida. Maji ya bwawa yenye mikrosimensi 100 kwa sentimita ni omu-mita 100. Umeona? Maji yetu ya mvua yanapitisha umeme vibaya kuliko mfinyanzi wa tuta. Kwa hiyo yakipita ndani ya kiini cha mfinyanzi na kuosha chembe laini, njia yao inabaki mchanga na changarawe, na kwenye picha inatokea kama sehemu yenye ukinzani *mkubwa* kuliko jirani zake. Mvujo kwenye changarawe kavu huonekana bluu. Mvujo kwenye mfinyanzi huonekana manjano au nyekundu. Fundi anayeonyesha kidole kwenye bluu bila kujua tuta limejengwa kwa udongo gani anabahatisha.

Tuta limejengwa kwa udongo gani? Hapa kwetu jibu mara nyingi ni kichuguu. Vichuguu vikubwa vya pori la miombo kuzunguka Lubumbashi, ambavyo vingine hufika mita 8 na baadhi vimepimwa umri wa zaidi ya miaka 2000, vina mfinyanzi mzuri unaoshindiliwa vizuri. Ndio huo huo wa matofali. Ubaya ni kwamba mchwa hawasomi ramani ya ujenzi. Tuta lililojengwa kando ya kichuguu hai, au juu ya mzizi wa kichuguu kilichokatwa bila kuchimbuliwa, linaweza kuwa na vijia vya mchwa vinavyotoboa kutoka upande hadi upande. Vijia vikiwa na hewa vinaonekana kama doa la ukinzani mkubwa. Vikijaa maji, doa linabadilika. Mabadiliko hayo ndiyo unayoyatafuta.

Basi pima mara mbili. Mara ya kwanza bwawa likiwa limejaa, mara ya pili likiwa limeshushwa karibu mita 1, vijiti vikiwa kwenye mashimo yale yale. Wengine hupima Aprili mvua inapoisha na kurudi Septemba. Tofauti wataiona, lakini miezi mitano ya kiangazi imekausha ngozi yote ya tuta, na kila nyuzi 1 ya joto inayopanda imeshusha ukinzani kwa karibu asilimia 2. Fanya yote mawili ndani ya wiki moja. Pale ambapo namba zimebadilika wakati jirani zake zimetulia, pana mawasiliano na bwawa.

Nijue vipi maji yanaingilia wapi?

Kwa swali hili kipimo ninachokipenda ni umeme wa asili wa ardhini, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Maji yanapojipenyeza kati ya chembe za udongo hukokota chaji chanya pamoja nayo. Panapoingia maji husoma hasi kidogo, panapotoka husoma chanya. Ni milivolti chache tu, labda makumi.

Huwezi kutumia misumari, kwa sababu chuma chenyewe kinatengeneza umeme kinapogusa udongo. Unahitaji elektrodi za shaba ndani ya maji ya mrututu (salfeti ya shaba), na kwa mji wa shaba kama huu hakuna udhuru wa kuzikosa. Kata kipande cha bomba la plastiki, ziba chini kwa plasta ya jasi au kizibo cha mbao laini, mimina maji yaliyoshiba mrututu mpaka vijiwe vya bluu vibaki chini bila kuyeyuka, tumbukiza waya mnene wa shaba safi. Tengeneza mbili pamoja, siku moja, uziache zisimame kwenye ndoo moja usiku kucha. Asubuhi zipime kati yake: zikipishana zaidi ya milivolti 2, rudia. Multimita yoyote nzuri yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 inatosha.

Elektrodi moja inakaa mbali na tuta, imefukiwa kivulini. Nyingine unatembea nayo kila mita 2 au 3, ukichimba kidogo hadi kwenye unyevu. Juu ya maji unaishusha kutoka kwenye mtumbwi mpaka karibu na sakafu, na waya mrefu unarudi ufukweni. Doa hasi kwenye sakafu, likiwa na doa chanya mguuni mwa tuta upande wa pili, ni ushahidi mzito.

Kwenye mabwawa ya mabaki ya migodi njia hii inadhoofika. Maji yake yana chumvi nyingi kiasi kwamba umeme wa mtiririko unazimika, na madini ya salfidi yanatoa umeme wao wenyewe, wenye nguvu zaidi. Mwanasayansi Mwingereza Robert Fox aliupima umeme huo wa salfidi kwenye migodi ya Cornwall, Uingereza, tangu 1830. Huko ukinzani ndio bora, kwa kuwa maji yanayovuja yanashuka chini ya omu-mita 10 na kuonekana wazi.

Maji yanafuata bomba

Shuku bomba kabla ya kitu kingine chochote. Udongo wa chini ya mviringo wa bomba haushindiliwi vizuri na mtu yeyote. Bomba la chuma linaharibu vipimo vyote viwili vya umeme: linapitisha umeme kuliko udongo, na kutu yake inatoa mamia ya milivolti. Tumia chumvi ya jikoni. Yeyusha kilo chache, shusha maji hayo kwa mpira hadi karibu na mdomo wa bomba ndani ya bwawa, maana maji ya chumvi ni mazito na huzama, kisha pima maji ya nje kila dakika 10. Namba zikipanda upesi, hiyo ndiyo njia.

Maji yanatokea mbali, chini bondeni

Mabwawa yetu mengi yamekaa kwenye dambo, yaani bonde bapa la majani linalolowa wakati wa mvua, na chini ya dambo mara nyingi kuna mkondo wa zamani wa mchanga au tabaka gumu la laterite lenye nyufa. Maji yanapita chini ya tuta bila kuligusa. Piga mstari wa ukinzani ukikata bonde, mita 20 au 30 chini ya tuta, na nafasi kubwa zaidi kati ya vijiti, kwa sababu sasa unahitaji kina. Ukiwa na msaidizi, jaribu pia kupitisha umeme moja kwa moja kwenye maji: kijiti kimoja bwawani, kingine kwenye chemchemi inayoshukiwa, halafu utembee kati yake ukisoma volti. Umeme hupenda njia yenye maji.

Tuta limebonyea juu

Usipitishe gari. Kubonyea maana yake kuna uwazi chini. Rada ya ardhini ndiyo watu huiulizia, lakini kwenye mfinyanzi uliolowa haipiti mita 1 au 2, kwa hiyo utalipa pesa nyingi kuona majani na kokoto. Mtetemo wa nyundo juu ya bamba la chuma, ukisoma mawimbi ya juu ya ardhi, unaonyesha vizuri zaidi sehemu zilizolegea. Na kama kubonyea kumetokea juu ya mstari wa bomba, rudi sehemu ya bomba hapo juu.

Mashine yenyewe inaumwa

Namba zinarukaruka, au ukinzani unatoka hasi: angalia mguso wa vijiti kwanza. Laterite ya Agosti ni ngumu na kavu, na umeme hauingii. Mwagia kila kijiti maji yenye chumvi kidogo, subiri dakika kadhaa, pima mguso tena. Kama kijiti kimoja tu kinakataa, waya wake umekatika ndani ya plastiki. Ubadilishe kabla ya kulaumu ardhi.

Mistari ya kushuka wima kwenye picha, kila mara mahali pale pale, ni kijiti kibovu na si ufa. Duara zuri lenye ukinzani mdogo sana karibu na uso wa ardhi ni uzio wa senyenge, nondo, au kebo ya umeme iliyofukiwa. Tembea mstari mzima kwa macho kabla ya kuupima. Nguzo za umeme zikiwa karibu, kipimo cha umeme wa asili kitayumba. Pima mapema asubuhi na urudi kwenye elektrodi ya kivulini kila nusu saa ili ujue imehama kiasi gani.

Kuthibitisha

Doa likishajulikana, chimba kwa keekee ya mkono, na uchimbe mguuni mwa tuta, upande wa nje. Usitoboe kiini kutoka juu bwawa likiwa limejaa: maji yakimwagwa ndani ya shimo kwa shinikizo yanaweza kupasua udongo na kuanzisha mvujo mpya ambao haukuwapo. Udongo unaotoka upange kwenye turubai kwa kila nusu mita. Mchanga uliooshwa, mweupe, usio na mfinyanzi katikati ya tuta jekundu unajieleza wenyewe. Ukimaliza, shimo lijazwe mfinyanzi wenye unyevu, kidogo kidogo, ukishindilia kila sentimita 10. Vigingi vya mstari viache mahali pake na uvipige rangi, maana baada ya ukarabati utavihitaji kwa kipimo cha tatu.